Mguu Uliolala Kwenye Klachi

Viatu mlivyonipa siku ya kuniaga bado vimo ndani ya boksi lake. Ni viatu vizuri, vya ngozi nyeusi, na najua mlichangishana. Msidhani nimevidharau. Ila kila nikivitazama nakumbuka kwamba siku ile nilipewa kipaza sauti, nikiwa na kazi moja tu ya kufanya, kumsafisha mtu jina lake mbele za watu, nami nikasema asanteni sana nikaketi. Mtu mwenyewe alikuwa amesimama palepale. Wengi wenu hamkumwona, au mlimwona mkadhani amefuata pilau.

Nyinyi madereva wa chama cha wakulima mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijafa nayo. Nimekubali. Lakini msitegemee niwaambie nilipandishwa cheo lini. Dereva wa trekta hapandishwi popote, akishakaa kwenye kiti chake amefika. Nitawaambia habari za mguu wa kushoto, na mwisho wake mtajua kwa nini ninaandika badala ya kusema.

Siku yangu ya kwanza kazini nilitoka nyumbani Kasingirima nimevaa viatu vya marehemu baba, nimevipiga rangi mpaka vinang'aa. Kituo cha matrekta kilikuwa nje kidogo ya Ujiji, upande wa kuteremkia bonde la Luiche, mahali ambapo leo pana ghala la chama. Nilikuwa nimeshika cheti cha udereva ndani ya bahasha. Niliyemkuta ni mzee mfupi, mwenye mabega mapana, anakunywa uji amesimama. Huyo ndiye Mzee Ntakije, Muha wa kule milimani Heru, dereva mkuu na fundi mkuu, maana mafundi wengine hawakuwepo. Bahasha hakuigusa. Alitazama miguu yangu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Vua."

Nilidhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Haukuwa utani. Aliniambia mguu una masikio, na kiatu ni pamba ya kuyaziba. Kwa miezi mitatu nilifanya kazi peku. Jua la mchana likishachoma lile bamba la chini ya kiti, unaruka kama uko juu ya kikaango, na Mzee Ntakije anakutazama tu. Nyayo zikaota sugu, sugu zikawa nene, lakini ndani ya sugu mguu ukaanza kusikia. Nilijua injini imechoka kabla sauti haijabadilika. Nilijua plau imegonga kisiki kabla sijageuka. Sitii chumvi, mtu aliyelima peku anajua ninachosema.

Matrekta yalikuwa mawili yaliyokuwa hai, na mengine manne tuliyokuwa tukiyanyofoa vipuri kama maiti za hospitali ya kufundishia. Moja lilikuwa jekundu. Mzee Ntakije alimwita Bihogo, jina ambalo kwao hupewa ng'ombe mwekundu, na alipofika asubuhi alimsalimia kabla yetu sisi. "Mwakeye, Bihogo," anampiga kofi begani, halafu ndiyo anatukumbuka sisi binadamu. La pili lilikuwa la kijivu, dogo, tukalipa jina Jivu. Jivu alikuwa mpole, mvivu kidogo, hakuwahi kumsumbua mtu. Bihogo alikuwa na nguvu na hasira, na mimi nilimpenda yeye.

Sasa sikilizeni somo la mawese, maana mimi niliwafundisha lakini sikuwaambia lilitoka wapi. Mnajua sheria: klachi unakanyaga, unaachia, unaondoa mguu. Usiulaze pale juu kupumzika. Mguu uliolala, hata kwa uzito wa kuku, unaisugua sahani kidogo kidogo mpaka inaungua, na siku ikiungua katikati ya msimu ni kilio. Kila dereva huapa kwamba mguu wake haulali. Mzee Ntakije hakuamini viapo, ijapokuwa alikuwa Mkatoliki wa kusali kila asubuhi. Alikuwa akipanda juu ya bawa la gurudumu, nawe ukishaingiza gia na kuondoka, anainama na kijiti na kuipaka pedeli mawese. Unalima mstari mzima. Mwisho wa mstari anavuta kamba ya kuzimia injini yeye mwenyewe kabla hujakanyaga kitu, kisha anasema, "Inua unyayo." Unyayo ukiwa mwekundu, umelala. Siku hiyo utaosha trekta zima peke yako, na chakula cha mchana utakula wa mwisho.

Wiki ya kwanza niliosha trekta kila siku. Wiki ya tano unyayo ulitoka safi, naye hakunisifu. Alifuta kijiti kwenye majani akashuka.

Somo la pili nililipata kwenye tope la Luiche. Mwaka huo mvua zilikuja mapema, tukawa tunaharakisha mashamba ya mpunga, na Bihogo akazama mpaka kwenye ekseli. Mimi nikaona niwe mjanja. Nikafunga gogo kwa mnyororo mbele ya magurudumu ya nyuma ili yalipande, nikaweka gia ya kwanza, nikatia mafuta. Magurudumu yalikataa kuzunguka, kwa hiyo trekta lenyewe ndilo likaanza kuzunguka. Pua ikainuka. Niliona mbingu pale nilipokuwa nikiona shamba. Mzee Ntakije alikuwa amesimama kwenye bawa. Alitupa mguu wake juu ya mguu wangu, akaukandamiza pamoja na klachi mpaka chini. Pua ikarudi chini kwa kishindo. Hakunigombeza. Aliniambia pua ikiinuka hakuna muda wa kutafuta, mguu uwe unaijua klachi ilipo kama ulimi unavyoyajua meno. Tulitumia siku mbili kuchimba kwa majembe, tukamtoa kwa kurudi nyuma, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo.

Mzee Ntakije alistaafu akarudi kwao, na kifo chake tulikisikia baada ya mazishi. Kituo nacho kilikufa. Hakikuzikwa siku moja, kilikatiwa mafuta kwanza, halafu vipuri, halafu mlinzi. Matrekta yalipopigwa mnada niliuza kiwanja nilichorithi Buzebazeba nikawanunua Bihogo na Jivu. Mke wangu Zaina hakunisemesha muda mrefu. Baadaye tulipoanza kulima mashamba ya wakulima wa Luiche na ugali ukapatikana, akalainika, lakini kiwanja hakukisahau.

Mtu mmoja hawezi kuendesha matrekta mawili, nikamtafuta mwenzangu. Nilimpata Sadiki, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyezaliwa Kagunga huko mpakani, aliyekuwa akitengeneza injini za mitumbwi. Hakuwahi kukaa kwenye trekta. Nilimvua viatu siku ya kwanza. Nilimpaka mawese siku ya pili. Nawaambieni, wala simpambi kwa kuwa nina deni lake la aibu: Sadiki alitoka mwekundu mara tatu tu, basi. Tangu hapo, kila nilipompima, unyayo wake ulikuwa mkavu. Nilimpima miaka na miaka, mara nyingine kwa kumvizia, na alikuwa akicheka akiinua mguu hata kabla sijamwambia. Wakulima walimwamini kuliko walivyoniamini mimi, kwa sababu mimi nina maneno mengi na yeye alikuwa na kazi nyingi.

Tulifanya misimu kumi na zaidi namna hiyo. Chama chenu kilipoanzishwa tuliwalimia wanachama. Zamu zetu kwa Bihogo zilikuwa rahisi, mimi asubuhi kabla jua halijawa kali, yeye mchana. Jivu tulimwachia kazi za tela.

Kisha klachi ya Bihogo ikaungua. Mnajua kubadilisha klachi ya trekta la zamani ni kulipasua katikati, nusu ya mbele huku, nusu ya nyuma kule, kwa magogo na mnyororo wa kunyanyulia, siku mbili za jasho. Tulifanya, tukasema ni uzee wa sahani. Msimu uliofuata ikaungua tena, katikati ya Desemba, wakulima wana miche tayari kwenye vitalu na maji yameshajaa mashambani. Tulimpasua tena hapo hapo mbele ya ghala, na watu walikuwa wamejaa wanangoja zamu zao. Nilitoa ile beringi ya klachi nikaishika mkononi. Ilikuwa imebadilika rangi, ya bluu kama moto wa gesi. Rangi hiyo haiji kwa uzee. Inakuja kwa mguu uliolala.

Trekta lilikuwa na madereva wawili. Mimi nilijua mguu wangu haulali, kwa hiyo hesabu niliimaliza palepale. Nyani haoni kundule. Nilimwinulia Sadiki ile beringi usoni, mbele ya wale wakulima wote, nikamwambia ameniunguzia trekta kwa uvivu, na ameuunguza mpunga wa watu pamoja nalo. Nilisema na mengine. Nilisema mtu wa mitumbwi atabaki kuwa mtu wa mitumbwi.

Sadiki hakupandisha sauti. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akasema, "Mzee, lete mawese. Anza na mimi, halafu upakwe na wewe."

Watu waligeuka kunitazama. Walikuwa wanaijua habari ya mawese, bonde zima lilikuwa linaijua.

"Mwalimu hapimwi," nikasema.

Hivyo tu. Alikunja kile kitambaa, akakiweka juu ya bawa la Bihogo, akaondoka. Kesho yake wakulima waliokuwa na mashamba ya pembeni walimwambia asiwaguse, wamesikia anaunguza mashine. Baada ya wiki akapanda boti kurudi Kagunga. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilikuwa najikwaa vyote viwili, ila la dole nilikuwa sijalijua.

Nililijua miezi michache baadaye, na aliyelijua kabla yangu ni Zaina. Nilitoka kazini nikaketi kula, akauliza damu ile sakafuni ni ya nani. Tulifuata alama zake kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti changu. Nilikuwa nimekanyaga kotapini, ile ya kufungia pini ya plau, imezama yote kwenye unyayo wa kushoto, na sikuwa na habari. Nilitembea nayo sijui tangu saa ngapi. Zaina hakupiga kelele, alichukua koleo langu akaivuta, akasema kesho hospitali, na safari hii hakuna mjadala.

Hospitali walipima mkojo, wakapima damu, wakasema ni sukari, tena ya muda mrefu. Muuguzi, dada mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Iringa, alinilaza akaniambia nifumbe macho. Alikuwa na kiuzi cha nailoni kama cha nyavu. Akasema atanigusa kwenye nyayo, na kila nikisikia niseme ndiyo. Nilifumba macho nikangoja. Nikangoja sana. Nikamuuliza mbona haanzi.

"Nimeshamaliza, mzee," akasema.

Akanipa masharti, na sharti la kwanza lilikuwa nisitembee tena peku, hata ndani ya nyumba, hata kwenda msalani. Nilimwambia mimi mguu wangu ndiyo masikio yangu. Alinihurumia, nikaichukia ile huruma.

Nikiwa njiani kurudi akili ilikuwa haiko kwenye sukari. Ilikuwa kwenye ile beringi ya bluu. Sikuingia nyumbani, nilipitiliza mpaka bondeni. Hapakuwa na mtu, mpunga ulikuwa umeshavunwa. Nilinunua chupa ndogo ya mawese kwa mama mmoja barabarani. Niliwasha Bihogo, nikaingiza gia, nikaondoa mguu kama nilivyofundishwa, nikainama mwenyewe nikaipaka pedeli. Nililima mstari mmoja, mrefu, ulionyooka, naapa nilikuwa nimeuweka mguu kando kwenye bamba. Nilivuta kamba ya kuzimia. Nikainua unyayo.

Ulikuwa mwekundu kuanzia kisigino mpaka vidoleni.

Nilikaa pale mpaka injini ikapoa. Nililia, na ninaliandika hilo kwa sababu nilishawaambia dereva halii. Nilikuwa nimemfukuza mtu msafi kwa uchafu wa mguu wangu.

Mtu mwenye akili angepanda boti kesho yake. Mimi nilinyamaza msimu mzima. Nilijiambia nitakwenda mavuno yakiisha, nitakwenda mvua zikikatika, nitakwenda kidonda kikipona. Nikaendelea kuendesha, nimevaa makubazi, naangalia mguu kwa macho kila mara kujua uko wapi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kiliniumbua nusu. Nilikuwa nikivuta kisiki kwenye shamba la mwenyekiti wa chama, pua ya Bihogo ikainuka. Nikakanyaga klachi. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote, na pua ikazidi kupanda, kwa sababu nilichokuwa nakanyaga ni bamba, klachi ilikuwa shubiri moja pembeni. Mnyororo ulikatika wenyewe. Isingekuwa kutu ya mnyororo mngekuwa mmenisomea hitima. Watu waliokuwepo walisema Mzee Athumani ana bahati, nami nikawaacha waamini hivyo. Nilishuka, nikampa mwenyekiti ufunguo, na sijakaa kwenye kile kiti tena.

Jivu aliondoka kwanza. Alichukuliwa na wavuvi wa Katonga, anavutia mitumbwi nchi kavu na kubeba dagaa. Nilikwenda kumwona mara moja, ananuka, lakini yu hai, na wanamtia mafuta. Kuagana naye hakukuniuma sana, aliondoka akiwa na kazi ya kufanya.

Bihogo hakuwa na mtu. Nyinyi mlikuwa mmeletewa matrekta mapya yenye kiti cha sponji, nami nikapewa kazi ya kuwafundisha nikiwa nimesimama chini kama askari wa barabarani. Mwenyekiti alianza kuniambia kwa adabu kwamba pale alipoegeshwa Bihogo panatakiwa kujengwa banda. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja mara mbili, anamzunguka akimgongagonga kwa funguo zake, anakisia uzito. Zaina ndiye aliyesema neno nililokuwa nalikwepa. Alisema Bihogo ana mwenyewe, yuko Kagunga, na kila mtu anajua ila mimi.

Nikapanda boti Kibirizi asubuhi, nimekalia kiroba cha unga, miguu nimeivalisha soksi kama mgonjwa nilivyo. Kagunga hakuna mahali pa kulima kwa trekta, mlima umezisukuma nyumba mpaka majini. Nilimkuta Sadiki chini ya turubai, anafungua injini ya mtumbwi. Alisimama, akasema, "Shikamoo, Mzee," nami nikaitikia marahaba niliyojua sistahili. Nilimweleza yote, kotapini, kiuzi cha nailoni, mstari wa mawese. Sikujitetea. Alisikiliza huku akisafisha plagi kwa brashi. Nikamwambia Bihogo ni wake, namkabidhi.

"Mimi nilijua tangu siku ile, Mzee," akasema. "Mguu wako niliuona unalala, msimu mzima. Nilikuonea haya kukuambia."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya watu wakati namtukana.

"Ungekuwa wewe, ungemwambia Mzee Ntakije?"

Akaweka ile plagi chini. Akaniambia yuko tayari kumchukua Bihogo, angemlimisha mpaka yeye mwenyewe achoke. Lakini akija Luiche na trekta langu akiwa bado ni yule aliyeliunguza, hakuna mkulima atakayempa shamba. "Ulinichafulia Luiche," akasema. "Nisafishie Luiche. Maneno ya hapa turubaini hayavuki maji." Nikasema ni haki. Tukakubaliana kwamba siku ya kuniaga, wakulima wote wakiwa wamekusanyika, nitasimama niseme, naye atakuwepo, na siku hiyohiyo ataondoka na ufunguo. Nilirudi kwa boti ya mchana nimepungukiwa na mzigo. Ufunguo niliuchukua kwa mwenyekiti, nikautia mfukoni wiki nzima kabla ya siku yenyewe.

Mengine mliyaona, ila hamkuyaelewa. Sadiki alikuja na boti ya asubuhi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akasimama kwenye ukuta wa ghala, karibu na Bihogo. Alikuwa amevua viatu amevishika mkononi. Mimi nilimwona nikajiandaa. Maneno niliyajua kwa moyo. Kisha mwenyekiti akaanza kunisifu. Alisema bonde hili halijapata kuona dereva kama mimi. Alisema, na hakuwa na nia mbaya, kwamba katika miaka yote mguu wa Mzee Athumani haujawahi kulala hata siku moja, na ndiyo maana chama kimeuchagulia mguu huo zawadi yake. Mkaleta boksi. Mkataka nivivae palepale. Nilivivaa. Mliniuliza kama cha kushoto kinabana, nikasema kimekaa vizuri, nami sikujua kama kinabana au kinapwaya, au kama kuna kitu ndani. Mlipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, nikapewa kipaza sauti.

Nikasema asanteni sana. Nikasema vijana mfanye kazi kwa bidii. Nikaketi.

Sadiki alingoja mpaka sahani za pilau zilipoanza kupita. Nadhani alidhani labda nitasimama tena. Kisha alivaa viatu vyake, alifunga kamba taratibu, akaenda zake kuwahi boti Kibirizi. Ufunguo ulikuwa bado mfukoni mwangu. Zaina alikuwa ameketi pembeni yangu, hakunigeukia. "Kumbe ganzi imeshapanda mpaka mdomoni," akasema.

Nilimpigia simu Sadiki siku nyingi, hakupokea. Banda likawa halina budi kujengwa. Yule mwenye vyuma chakavu akaja na mtungi wa gesi na watu wanne. Wengine wenu mlikuwepo, mkaniletea kiti, mkadhani nimekuja kusimamia. Walianza kumkata palepale katikati tulipokuwa tukimpasua mimi na Sadiki, ila safari hii hakuna aliyekuwa na nia ya kumrudisha. Ile rangi nyekundu ikipigwa na moto inageuka nyeusi, inavimba, inapukutika. Nilikaa mpaka mwisho, huo ndio ushujaa pekee niliobakiwa nao. Niliomba kitu kimoja tu, pedeli ya klachi. Waliniangalia kama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa, wakaikata wakanipa ikiwa bado ya moto.

Imelika upande mmoja, upande wa kidole gumba. Nyayo tatu ziliisugua hivyo: ya Mzee Ntakije, yangu, na ya Sadiki. Niliifunga kwenye kiroba nikaipeleka Kibirizi, nikamkabidhi nahodha wa boti ampe Sadiki mkononi. Siku ya tatu ilirudi na boti ileile, kwenye kiroba kilekile, fundo nililofunga mimi halijaguswa.

Sasa ipo mlangoni kwangu. Daktari asijue, lakini asubuhi huwa navua soksi naweka mguu juu yake. Najua upo pale kwa sababu nauona.

Mliniomba mafunzo ya kazi. Vueni viatu, pakaneni mawese, na mwenye kupima naye apimwe, awe mwalimu, awe mwenyekiti. Hilo ndilo la kwanza. La pili ni ombi. Siku ya kupanga zamu za kulima, wakulima wote wakiwa wameketi mbele ya ghala, mmoja wenu asimame asome karatasi hizi kwa sauti, asiruke mahali. Ningesema mwenyewe, lakini mmeshaniona na kipaza sauti. Nitakuwa nimeketi mstari wa mbele, nimevaa viatu vyenu, ili kila mtu ajue ni nani anayesemwa. Bihogo hayupo tena, kwa hiyo Sadiki hana cha kupata, na sidhani kama atakuja. Someni hivyohivyo. Mkifika hapa, msomaji apumue, kisha aseme polepole: klachi ya Bihogo hakuiunguza Sadiki. Niliiunguza mimi.